Alida Hapokei Simu

Tulimwacha Arthur Mugenzi kwenye kiti cha plastiki, andazi mkononi, akiwa ndiyo kwanza amesema, "Umuhoza, nina jambo zito la kukuambia." Hapo hapo mlango ukagongwa, mdomo wake ukabaki wazi.

"Hodi! Iko mtu huko ndani?"

Umuhoza aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Mzee Munyaneza, mkuu wa umudugudu, yaani kiongozi wa mtaa. Na ghafla akakumbuka kwa nini mtaa mzima wa Kagugu ulikuwa kimya asubuhi ile, bila pikipiki hata moja. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku ya umuganda, kazi ya umma ya lazima, watu wote nje na majembe, barabara tupu mpaka saa tano.

Arthur, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anayejua kwa kichwa ratiba ya mechi zote za Ulaya, alikuwa ameisahau siku hiyo akaja kumtembelea msichana. Sasa hawezi kutoka wala kubaki.

"Chini ya kitanda," Umuhoza akanong'ona.

"Kuna vumbi."

"Arthur, ingia!"

Akaingia. Miguu ilikataa kutosha, ikabidi aikunje. Umuhoza akafungua mlango huku akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Munyaneza alisimama na mabuti ya mpira na jembe begani. Miaka yote ya ujana wake aliendesha lori la kwenda Dar es Salaam na kurudi, na kila akikutana na mtu wa familia ya Kiislamu kama Umuhoza, ambao huku ndio wenye Kiswahili, lugha hiyo ilimtoka yenyewe.

"Mwaramutse, binti. Wenzako wote iko kwenye mtaro. Weye unafanya nini?"

"Najiandaa, mzee."

"Na chai vikombe viwili?"

"Kile cha kwanza kilipoa."

Mzee akatazama chini. Pembeni ya mlango palikuwa na raba nyeupe, mpya, kubwa za kutosha paka kuzalia humo.

"Na kiatu hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Vaa."

Umuhoza akavaa. Mguu wake ukaingia, na nafasi ikabaki ya mguu wa jirani.

Munyaneza akashusha pumzi. "Sikia, binti. Mimi sikuja hapa juu ya dhambi. Dhambi iko na padri wake, iko na shehe wake. Mimi nimekuja juu ya mtaro. Mvua imeleta udongo mingi na wanaume ni kidogo. Huyo mwenye kiatu atoke, achukue jembe."

Kitanda kikapiga chafya.

*

Mnaosoma hadithi hii kwa mara ya kwanza, msihangaike. Umuhoza ni binti wa chuo, amepanga chumba Kagugu, na ameruhusiwa kukipanga kwa hisani ya mjomba wake, Yusufu Bayingana, fundi cherehani mwenye duka Gisimenti. Wazazi hana. Mjomba ndiye baba, ndiye mama, na ndiye mwenye kauli. Akisikia neno moja baya, chumba cha Kagugu kwisha, binti anarudi Kicukiro nyumbani kwa mjomba, kulala chumba kimoja na majora ya vitambaa.

Arthur naye ni mzaliwa wa huku aliyekulia Mwanza. Kinyarwanda chake kinachechemea, Kiswahili chake kinateleza, na sauti yake ndiyo inayoimba peke yake kwenye kwaya ya chuo. Anaipenda sauti hiyo kiasi kwamba ameiweka iwe mlio wa simu yake. Simu ya Arthur ikiita, ni Arthur anayeimba.

Wamependana mwaka mzima. Lakini hakuna anayejua, na hapo ndipo penye kidonda.

*

Getini walikutana na Mama Gahongayire, mwenye nyumba. Alikuwa na fyekeo mkononi na kitambaa kichwani. Akamwona Umuhoza, akamwona mwanaume aliye nyuma yake mwenye utando wa buibui kwenye nywele, akasimama.

"Umuhoza, sha! Huyu ni nani?"

Lilikuwa swali dogo. Lakini Umuhoza alikuwa amelisubiri kwa mwaka mzima. Angeweza kujibu yeye. Badala yake alifunga mdomo makusudi, akamgeukia Arthur, akangoja.

"Mimi?" Arthur akasema. "Mimi ni binamu yake."

Munyaneza akakohoa.

"Binamu!" Mama Gahongayire akafurahi. "Wa upande wa Bayingana?"

"Huko huko."

"Na jina?"

Arthur akatazama mbingu za Kagugu kutafuta msaada. "Ashrafu."

"Basi assalamu alaikum, Ashrafu!" Mama Gahongayire ni Mkatoliki wa kila misa, lakini wapangaji wake wamemfundisha mengi.

"Amina," Arthur akajibu.

Umuhoza akafumba macho.

"Mjomba wenu atafurahi sana," mama akaendelea, huku tayari ametoa simu. "Bwana Bayingana analalamika kila siku kwamba ndugu hawamtembelei. Ngoja nimwambie mtoto wa ndugu yake iko hapa. Leo hayuko mbali, iko dukani Gisimenti."

"Mama, usijisumbue!" Umuhoza akaruka.

"Kusumbuka gani? Ni simu tu."

Akajitenga hatua chache, kidole sikioni, akaanza kupiga kelele za furaha.

*

Mtaroni walipewa sehemu yao karibu na daraja dogo. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito. Raba nyeupe za Arthur zilikufa dakika ileile.

"Umeona nilivyokuokoa?" akanong'ona, akijifuta jasho ambalo bado halijatoka.

"Kutoka kwa nani?"

"Aisee! Si mwenye nyumba yule? Ulitaka niseme nini?"

"Ulitaka useme nini mwenyewe?" Umuhoza akachota udongo, akautupa kwa nguvu. "Siku ile Gisimenti, tunakula mishikaki, rafiki zako walipokuja wakauliza mimi ni nani, ulisemaje?"

"Nilisema... tunasoma wote."

"Na kwenye kwaya?"

"Kwenye kwaya nilisema unanifundisha Kinyarwanda."

"Na leo nimekuwa binamu. Napanda cheo, Arthur. Mwezi ujao nitakuwa shangazi yako."

Arthur akaegemea jembe. Majirani walikuwa wakiwatazama, akajifanya anachunguza mpini. "Umuhoza, unajua hali ilivyo. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Wewe ni binti wa Kiislamu. Nikisema leo, kesho yuko mlangoni kwangu na wachungaji."

"Kwa hiyo unanionea haya."

"Sikuonei haya! Na mimi ni nani kwenye simu yako?"

Umuhoza akainamia udongo.

"Sema. Mimi ni nani?"

"Alida," akasema polepole.

"Alida nani?"

"Alida Kazi ya Kikundi."

Hapo mwandishi lazima amtete Arthur kidogo, maana haki ni haki. Mwaka jana Mjomba Bayingana alitaka namba ya msichana mmoja mwenye heshima anayesoma na Umuhoza, ili akimkosa mpwa wake amuulize huyo. Umuhoza akampa namba ya Arthur. Akasema, "Huyu ni Alida. Lakini ana haya sana, mjomba, hapokei simu. Mwandikie meseji tu." Simu ya mjomba ni ya tochi, haionyeshi picha ya mtu. Tangu siku hiyo Arthur Mugenzi, mwanaume mwenye ndevu, amekuwa akiandika, "Shikamoo mjomba, Umuhoza yuko maktaba."

Na kwa sababu alilelewa vizuri Mwanza, alikuwa akiongeza, "Na wewe, umekula?"

"Mwaka mzima mimi ni Alida," Arthur akasema. "Nimelalamika? Na hilo ndilo jambo nililokuja kukuambia leo. Kuhusu Alida. Kuna kitu kimetokea, Umuhoza, na..."

"Usibadilishe mada."

"Sibadilishi! Ni muhimu sana!"

"Cha muhimu ni hiki." Umuhoza akasimamisha koleo, akamtazama machoni. "Baada ya kazi kuna mkutano. Kila mgeni atasimama, ataje jina lake na mtu aliyemfuata. Ukisema binamu pale mbele za watu, Arthur, mimi na wewe basi. Sinuni, sitanii, sitarudi. Unajua nakupenda. Lakini nimechoka kupendwa kwa siri kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani."

"Nisikilize kwanza! Huyo Alida..."

"Ashrafu!" Munyaneza akapaza sauti kutoka juu ya mtaro. "Jembe haiongei! Chimba!"

*

Saa tano mkutano ukaanza kwenye uwanja ulio mbele ya duka la Silvère, watu wamekaa juu ya matofali, mikono imejaa udongo. Mkutano ulikuwa wa Kinyarwanda, nami nawaletea kwa lugha ya gazeti hili, isipokuwa pale mzee mwenyewe alipoamua kutumia Kiswahili chake cha lori.

Kwanza akakumbusha sheria. "Simu zizimwe. Ikilia katikati ya mkutano, mwenyewe ataipokea hapa hapa, ataweka spika, tutasikia wote. Kama ni siri, angezima."

Watu wakacheka. Hawakuzima.

Haikupita muda, simu ya Silvère ikalia. Silvère ndiye aliyekaa kwenye kiti asubuhi yote akigawa maji, kwa sababu mgongo ulikuwa umemkamata hata kuinama hawezi. Akajaribu kuikalia ile simu. Ikaendelea kulia chini yake.

"Spika," Munyaneza akasema.

"Silvère!" simu ikapiga kelele. "Usichelewe uwanjani! Wewe ndiye golikipa!"

Mgongo wa Silvère ukapona mbele ya umma. Watu walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye matofali. Arthur peke yake hakucheka. Na wala hakuizima simu yake, maana kichwani mwake hapakuwa na nafasi ya simu.

"Sasa wageni," Munyaneza akasema. "Mgeni asimame, aseme jina, aseme iko kwa nani."

Arthur akasimama. Raba zilikuwa za kahawia. Akatazama majirani, akatazama udongo, mwisho akamtazama Umuhoza.

Umuhoza alikuwa akimtazama yeye tu. Aliomba Mungu kimyakimya, na ombi lake lilikuwa fupi: amtaje. Amtaje tu. Asimwahidi kitu, asimnunulie kitu, amtaje.

"Naitwa..." Arthur akasema. "Naitwa Ashrafu. Ni binamu ya Umuhoza."

Iliuma. Umuhoza alidhani amejiandaa, kumbe hakujiandaa hata kidogo. Iliuma kama mlango uliobana vidole.

"Asante, Ashrafu," Munyaneza akasema. Kisha, kwa desturi, akageuka. "Umuhoza, mgeni iko ya kwako?"

Umuhoza akasimama, akakung'uta udongo kwenye sketi.

"Hapana, mzee. Mimi sina binamu anayeitwa Ashrafu."

"Eee!" watu wakasema.

"Unamjua?"

"Ashrafu? Simjui."

Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililompa raha. Arthur alibaki mdomo wazi kwa mara ya pili siku ile, safari hii bila andazi.

Munyaneza angeweza kuyamaliza yale kwa sentensi moja. Yeye ndiye aliyemtoa mtu yule chini ya kitanda. Lakini mzee ameendesha lori kwenye miteremko mingi, anajua kuna wakati wa kushika breki na wakati wa kuacha gari liteleze. Akanyoosha mkono.

"Indangamuntu."

Arthur akatoa kitambulisho. Mzee akakisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma matangazo ya ndoa.

"Mugenzi Arthur. Sasa Ashrafu iko wapi?"

"Mtu mmoja, jina mbili, na hakuna mwenyeji. Ndugu zangu, hii bado ni mgeni, ama niite polisi?"

"Polisi!" akadakia Silvère, aliyekuwa anatafuta mtu mwingine wa kuchekwa.

"Umuhoza!" Arthur akalia. "Waambie unanijua!"

"Mimi namjua mtu mmoja tu aitwaye Arthur," Umuhoza akasema. "Ananifundisha... hapana, mimi ndiye ninayemfundisha Kinyarwanda. Huyo sijui kama amekuja leo."

Watu wakaanza kuelewa. Wanawake waliokuwa nyuma wakasogea mbele na matofali yao.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Arthur Mugenzi. Sijui kama ni woga wa polisi au ni mapenzi, na yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Akatupa jembe.

"Unanijua! Ulinishonea kifungo cha joho la kwaya, kikatoka, ukashona tena! Nilipougua malaria uliniletea pilau. Lilikuwa na chumvi kama bahari nzima, nikala lote! Unakoroma maktaba! Unakoroma, na mimi huwa nahamisha vitabu nikae karibu ili watu wadhani ni mimi!"

Kicheko kikalipuka. Umuhoza alitaka kumtupia tofali na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Sikilizeni, jamani," Arthur akasema, na sauti ile ya kwaya sasa ilifika mpaka ng'ambo ya mtaro. "Mimi si Ashrafu. Si binamu. Mimi ni Arthur, na huyu ni mpenzi wangu. Mwaka mzima. Mwoga nilikuwa mimi. Nilimficha kwa rafiki zangu, nilimficha kwa mama yangu, na hata leo nimemficha hapa mbele yenu huku ananitazama. Sitamficha tena. Nampenda Umuhoza. Mwiteni polisi, na yeye nitamwambia hivyo hivyo."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mama Gahongayire alipiga makofi na fyekeo likiwa mkononi, ikawa hatari kwa waliokaa jirani. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele.

Machozi yalimtoka Umuhoza bila ruhusa. Alikuwa na furaha kubwa na ya wazi, ya kutaka kumwambia kila mtu kwenye uwanja ule.

"Binti," Munyaneza akasema kwa upole, "sasa unamjua?"

Umuhoza akafungua mdomo aseme ndiyo.

Pikipiki ikafunga breki nyuma ya watu.

*

"Assalamu alaikum, jamani!" ikasema sauti ya furaha. "Yuko wapi huyo mtoto wa ndugu yangu?"

Mjomba Yusufu Bayingana alivua helmeti. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya mkono, na manukato yaliyowahi kufika kabla yake. Begani alibeba nguo ndefu ndani ya mfuko wa plastiki.

Barabara zilikuwa zimefunguliwa, na Gisimenti si mbali kwa pikipiki. Mama Gahongayire akaacha kupiga makofi, akatafuta pa kujificha.

"Shikamoo mjomba," Umuhoza akasema. Sauti yake ilikuwa imesinyaa.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia? Na huyu kijana aliyekuwa anapiga kelele, nimemsikia tangu kule barabarani, ila pikipiki imemeza maneno. Ni nani?"

Lilikuwa swali dogo lilelile.

Uwanja mzima ukamtazama Umuhoza. Arthur akamtazama pia, kifua mbele, udongo mpaka magotini, akitabasamu kama mtu aliyemaliza mtihani na sasa anangoja mwenzake amalize.

Umuhoza akamwona mjomba. Akaiona Kicukiro, akayaona majora ya vitambaa, akamwona mtu aliyemlea kwa sindano na uzi akimngoja aseme.

"Huyu?" akasema. "Huyu... tunasoma wote."

"Aaaa!" uwanja ukaguna.

Arthur hakukasirika. Alikunja uso kidogo, kisha akatikisa kichwa, akacheka peke yake. "Tunasoma wote," akarudia taratibu. Na Umuhoza aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, maana sasa alijua jinsi maneno yale yanavyotoka kirahisi.

"Vizuri!" Mjomba akasema, hakuelewa hata robo. "Kama mnasoma wote, basi kijana, unamjua Alida."

Arthur akaacha kucheka. "Namjua... kidogo, mzee."

"Kidogo! Huyo si wa kujulikana kidogo." Mjomba akawageukia majirani. "Ndugu zangu, nimekuta mko wengi, nami nina furaha, acheni niiseme. Mnajua mke wangu alitangulia mbele ya haki zamani. Nikasema sitaoa tena, wasichana wa siku hizi hawana adabu. Kumbe yupo mmoja. Kila siku ananisalimia. Kila siku ananiuliza kama nimekula. Nani mwingine ananiuliza? Hapokei simu za wanaume, ana haya! Na nikimwandikia jambo, ananijibu inshallah, na si hata Muislamu!"

Akafungua mfuko. Gauni la kijani likateremka, lina nakshi shingoni, limeshonwa kwa mapenzi ya kweli.

"Nilimwomba vipimo, akanitumia mwenyewe. Ni msichana mwenye mabega," akaeleza kwa fahari, huku akilitandaza gauni, na kweli mabega yalikuwa mapana. "Mwenye afya. Jana nimemposa."

Umuhoza akageuka polepole kumtazama Arthur. Arthur alikuwa anachunguza raba zake.

"Arthur," akanong'ona.

"Ndilo jambo nililokuja kukuambia," Arthur akanong'ona. "Nimejaribu tangu asubuhi."

"Ulimtumia vipimo?"

"Aliniomba! Sijui vipimo vya wanawake, nikajipima mimi."

"Na alipokuposa ulimjibu nini?"

"Nilimwambia anipe muda nifikirie."

"Kwa nini hukukataa?"

"Ni mjomba wako! Alikuwa ananiandikia kwa upole, Umuhoza. Nilimwonea huruma."

Kumbe Mama Gahongayire alikuwa ameshapata nguvu mpya. Posa ni posa, na yeye hapitwi na posa. "Mpigie aje, Bwana Bayingana! Tumwone mchumba!"

"Hapokei."

"Leo atapokea! Jaribu tu!"

"Mpigie! Mpigie!" uwanja ukaitikia.

Mjomba akacheka kwa haya, akatoa simu yake ya tochi, akabonyeza, akaweka sikioni. Umuhoza alimwona Arthur akipeleka mkono mfukoni haraka.

Alichelewa.

Sauti nzuri ya kiume ikaanza kuimba kutoka ndani ya suruali ya Arthur, juu, safi, yenye kujiamini, ikimsifu Bwana.

"Inaita!" Mjomba akasema, uso unang'aa.

Vichwa vyote vikageuka. Silvère ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole.

"Mgeni," Munyaneza akasema, na safari hii hata yeye alishindwa kuuficha mdomo uliokuwa unacheka. "Sheria iko moja kwa wote. Pokea. Weka spika."

Arthur akatoa simu. Akamtazama Umuhoza. Umuhoza akatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Kidole cha Arthur, chenye udongo wa Kagugu, kikatafuta kitufe chekundu, kikateleza, kikagusa cha kijani.

"Alida, mama," sauti ya Mjomba Bayingana ikasema mara mbili, mara moja kutoka kwenye kanzu na mara moja kutoka mkononi mwa Arthur. "Hatimaye umepokea."